Shingo Iliyopimwa kwa Nta

Kariakoo ilimjua Isidori kwa vitanda. Kama ulioa katika miaka ile ya hamsini ukapanga chumba Mchikichi au Sikukuu, yaelekea ulilalia mbao zilizopita mikononi mwake, na kama kitanda hakikukuaibisha kwa kelele mbele ya wapangaji wenzako, hukuwa na haja ya kuuliza fundi ni nani. Alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Useremala alifundishwa na mabruda wa misheni, ambao kila kiungo alichounga walikiinua juani. Mwanga ukipenya, anaanza upya.

Kasoro yake ilikuwa moja, na afadhali isemwe mapema. Isidori hakuweza kuvumilia kuambiwa kazi yake mbaya. Ungemtukana yeye angecheka, ungewatukana wajomba zake angekukumbusha matusi uliyoyasahau, lakini ukisema mlango wa kabati unakwaruza sakafu, mtu huyo hali chakula. Mkewe Candida alikwishazoea. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ameolewa uke wenza, na mke mkubwa ni randa.

Gitaa lilimfikia mwezi wa Machi mwaka hamsini na tisa, limefungwa kwenye shuka. Walilileta watu wawili: Kasmir, kaka yake Candida, ambaye ndiye aliyekuwa akilipiga, na Bwana Aristides, Mchaga mwenye duka la jumla la maharage, mwenyekiti wa bendi ya Sikukuu Jazi. Bendi ilikuwa inarudi kutoka dansi la Morogoro, lori likaingia shimoni karibu na Ruvu, na ngoma kubwa ikaangukia shingo ya gitaa. Shingo ilikatika karibu na kichwa, ikapasuka urefu wake wote. Mwili haukupata hata mkwaruzo. Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, la kwanza katika mitaa ile, na watu walikuwa wakija kwenye dansi kulitazama tu.

"Kuagiza shingo Ulaya ni miezi mitano, sita," alisema Bwana Aristides. "Na sijui kama wanauza shingo tupu. Kasmir anasema shemeji yake anaweza."

Isidori alililaza gitaa kifudifudi juu ya meza ya kazi. Nyuma, pale shingo ilipoingia mwilini, palikuwa na kibati kidogo chenye skrubu nne. Alichukua bisibisi akazifungua moja moja, akavuta, na shingo ikachomoka yote mkononi mwake. Bwana Aristides alishika kifua akidhani mali ya chama imekwisha. Isidori alicheka.

"Kumbe ni jembe tu, Bwana Mwenyekiti! Mpini ukivunjika unautoa, unatia mwingine."

Wote walicheka, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Maana kwao Isidori mpini wa jembe haukununuliwa sokoni. Wewe ulikwenda kwa mchongaji, naye akakupa donge la nta ya nyuki lililolainishwa juani. Ukalishika kama unavyoshika jembe shambani, ukabana, ukaliacha, ukaenda zako. Mchongaji alibaki na mkono wako. Mpini alioutoa ulikuwa wako peke yako, na jirani aliyeliazima jembe lako alilirudisha jioni na malengelenge. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa jembe ni la mwenyewe. Lakini gitaa la Sikukuu Jazi halikuwa la Kasmir. Katika bendi za Dar es Salaam mpigaji alikuwa na vidole vyake tu. Gitaa, ngoma, tarumbeta, spika, mpaka mkanda wa begani, vyote vilikuwa vya chama, na dansi likiisha vilirudi kufungiwa nyumbani kwa mwenyekiti. Ukiacha bendi, unatoka mikono mitupu. Isidori aliyajua haya kama kila mtu alivyoyajua, ila siku ile hayakumpitia akilini.

"Njoo kesho peke yako," alimwambia Kasmir. "Nitaupima mkono."

Kasmir alikuja mchana, saa ya watu kula. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mashavu yaliyobonyea. Siku za kazi alisukuma mkokoteni wa magunia sokoni pamoja na watu wengine mia. Jumamosi na Jumapili alikuwa Kasmir. Akina mama waliokuwa hawamjibu salamu siku za wiki walimtupia leso jukwaani. Alikuwa na mtindo wake wa kupiga: kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto alikikunja ndani ya kiganja, akapiga kwa vitatu, akiteleza juu ya nyuzi mahali ambapo wengine waliruka, na sauti ikawa ya mtu anayebembeleza. Vijana waliuita mtindo huo Kikasmir. Kuanzia Ilala hadi Buguruni, kila aliyeshika gitaa alikunja kidole cha mwisho, na asiyekikunja alionekana mshamba.

Isidori alimpa nta. Kasmir aliishika kwa mkono wa kushoto, akabana kwa nguvu, akaachia. Palikuwa na mifereji mitatu mirefu, na pembeni mkwaruzo mdogo kama wa ukucha wa kuku.

"Bana na hicho cha mwisho," alisema Isidori.

"Nimebana."

"Mbona hakikuacha alama?"

Kasmir alitazama mlangoni, kisha akakaa juu ya kitanda cha mtu kilichosubiri kupakwa vanishi.

"Kimekufa, shemeji. Mashine ya mkonge ilikila mshipa, nilipokuwa manamba. Tangu mwaka arobaini na nane hakikunjuki wala hakishiki kitu."

"Na ule mtindo?"

"Mtindo gani? Nilikuwa natafuta pa kupita tu."

Isidori aliitazama ile nta. Aliwafikiria vijana wote wa mjini waliokunja vidole vizima, akataka kucheka, lakini uso wa Kasmir ulimzuia.

"Chamani nani anajua?"

"Hakuna. Candida anajua, na sasa wewe. Siku wakijua wao, mimi si Kasmir tena, mimi ni kilema anayepiga gitaa. Na wazima wapo, wamejipanga nyuma yangu wanasubiri." Alijipapasa bega. "Shingo ya zamani ilikuwa nene. Nikipiga saa moja mkono unawaka moto mpaka begani. Miaka hii miwili nimekuwa nikitabasamu kwa maumivu, watu wakidhani nimekolea."

"Hii habari imeingia kaburini, shemeji," alisema Isidori, na alisema kwa moyo wake wote.

Kazi ilimchukua siku kumi na moja. Mninga aliupata kwenye fremu ya mlango wa nyumba kuukuu iliyobomolewa, mti uliokauka miaka thelathini na ambao usingepinda tena. Juu yake alibandika ubao mwembamba wa mpingo. Kwenye shingo iliyovunjika aling'oa kwa koleo vile vichuma vya kukanyagia nyuzi, kimoja kimoja, akahamisha nafasi zake kwa sindano, kwa sababu ukikosea unywele mmoja gitaa zima linaimba uongo. Mwisho wa shingo, panapoingia mwilini na kukamatwa na skrubu nne, aliuacha upana uleule wa kizungu ili ukae barabara. Lakini kuanzia hapo kwenda juu alifuata nta. Aliifanya nyembamba, nyuzi zikakaribiana ili vidole vitatu vifike kote, na mgongo wake akauchonga bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, dole gumba lipumzike. Huo mgongo peke yake ulimla siku tatu. Aliupapasa akiwa amefumba macho, akapunguza, akapapasa tena. Candida alimletea chai ikapoa.

Alipofunga skrubu ya nne alilibeba gitaa mpaka uani, akalielekeza juani. Penye kiungo hapakupenya mwanga wowote. Alitamani mabruda wangekuwepo.

Kasmir alilishika, kidole cha mwisho kimekunjwa. Kisha akapiga bila spika, taratibu, na sauti ikazunguka karakana kama nyuki aliyepotea njia. Hakusema asante. Alisema, "Mkono hauumi," akageuza uso ukutani, na Isidori akajifanya anatafuta msumari chini ya meza.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote alizopata Kasmir katika maisha yake, na watu waliokuwepo wangali wakisimulia. Alipiga kuanzia mwanzo wa dansi mpaka mwisho bila kupumzika. Watu walisimama nje ya ukumbi wa Mnazi Mmoja, madirishani, wamebebana mabegani. Chema chajiuza, wakasema, na bendi moja ya Ilala iliyosikia sifa hizo ikaomba mashindano.

Mashindano ndiyo yaliyomleta Anaeli. Kamati iliona dansi la mashindano haliwezi kubebwa na mpigaji mmoja, ikamchukua kijana huyu wa Machame, karani wa ghala, apokezane na Kasmir. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alijua kupiga. Ila alikuwa na vidole vinene vya mtu aliyelelewa kwa jembe na ndizi, na siku ya kwanza alipolishika gitaa, kila alipokanyaga uzi mmoja alikanyaga na wa jirani. Likatoa mlio wa paka aliyebanwa mlangoni. Akajaribu tena, akajaribu siku ya pili. Siku ya tatu alilirudisha kwa mwenyekiti akasema, kwa heshima zote, kwamba fundi ameliharibu gitaa.

Bwana Aristides aliitisha kikao, Jumapili baada ya misa. Jumamosi jioni Kasmir alikuja karakana.

"Kesho watakuuliza kwa nini shingo ni nyembamba," alisema. Hakukaa. "Sema ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Chochote. Sema mbao zilipungua. Sema hukuwahi kutengeneza gitaa. Hawatakufanya kitu, wewe una vitanda vyako. Watakuambia utengeneze nyingine, nami nitavumilia maumivu kama zamani. Lakini ukisema sababu, nimekwisha."

"Nitasema nilikosea."

"Shemeji, nakujua. Nakuomba."

"Nimekwambia nitasema!" Isidori alikasirika kidogo, kwa kuwa alijijua na yeye.

Kikao kilikaa uani kwa mwenyekiti, katikati ya magunia ya maharage. Walikuwa watu wanane. Alikuwepo Bi Zamzam, mkuu wa akina mama wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwepo Anaeli, ambaye alisimama akasema "Shikamoo, fundi" na kumwachia Isidori kiti chake. Kasmir aliketi juu ya gunia, mikono ameibana katikati ya magoti. Gitaa lilikuwa juu ya meza.

Mfukoni mwa koti Isidori alikuwa na lile donge la nta. Alijiambia amelichukua ili lisije likaonwa na mtu karakana. Hayo ndiyo aliyojiambia. Lakini mtu anayekwenda kusema uongo habebi kweli mfukoni.

"Fundi," alianza Bwana Aristides kwa upole, "hatukukuita kukulaumu. Kila mtu na kazi yake. Wewe ni fundi wa vitanda, tena hodari, hata mimi nalalia chako. Tuliokosea ni sisi, kumpa fundi wa vitanda kazi ya gitaa. Tuambie tu palipoharibika, tuone kama panarekebishika, au tutafute fundi wa kweli kule Uhindini."

Fundi wa kweli. Neno hilo lilimwingia Isidori kama kibanzi chini ya ukucha. Alimtazama Kasmir, na Kasmir akamtazama kwa macho ya mtu anayengoja kuvushwa barabara.

"Bwana Mwenyekiti," alisema Isidori, "mimi ni..." Neno lilikuwa limekwishafika mdomoni. Nilikosea ni neno jepesi. Watoto hulisema mara kumi kwa siku na wanakwenda kucheza.

Anaeli alimwonea huruma. Hakuwa na ubaya wowote yule kijana, na kama angekuwa nao, huenda mambo yangekuwa mepesi zaidi. Alisimama ili kumsaidia mzee.

"Labda mbao zilimwishia, Bwana Mwenyekiti. Tazama hapa nyuma: upande mmoja bapa, mwingine mviringo. Ni mkono ulimteleza tu. Hata baba yangu akichonga bila miwani inatokea hivihivi."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Na Isidori, ambaye kila kitu alichohitaji alikuwa ameletewa kwenye sahani, ambaye angeitika kwa kichwa tu mambo yakaisha, alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Haukuniteleza! Siku tatu nimeuchonga mgongo huo! Siku tatu! Hakuna fundi Uhindini wala Ulaya anayeweza kuuchonga, kwa sababu hajui nilichokuwa nakitafuta!" Mkono ulikwishaingia mfukoni. "Mnataka kujua kwa nini ni nyembamba? Tazameni. Huu ni mkono wake. Vidole hivi vitatu, na hiki cha nne hakipo, kimekufa, hakishiki. Shingo imefanywa kwa mkono ulivyo. Haina kosa hata moja!"

Nta ilikaa mezani kando ya gitaa.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulivunja. Isidori mwenyewe alilisikia lile neno lake la mwisho likizunguka kwenye magunia, akafunga mdomo, na ilikuwa kazi bure, maana maji yalikwishamwagika. Kisha Bi Zamzam aliinuka, akamwendea Kasmir, akasema, "Tuone," kama mtu anayemwambia mtoto afungue kiganja alichofichia sukari. Kasmir alimpa mkono. Bi Zamzam alikikunjua kile kidole kwa vidole vyake mwenyewe, akakiachia, nacho kikarudi ndani polepole.

"Maskini," alisema.

Afadhali angetukana. Kasmir aliurudisha mkono wake katikati ya magoti.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema Bwana Aristides, "ulikuwa unatupigia kwa vidole vitatu?"

"Mlicheza, au hamkucheza?"

"Tulicheza, lakini..."

"Kuna siku mlikaa vitini kwa ajili yangu?"

Jibu walikuwa nalo, na halikuwasaidia. Mpiga ngoma mmoja, mtu mjinga lakini si mbaya, alikuwa anatazama kidole chake mwenyewe cha mwisho. "Na sisi tunakunja," alisema, "tunakunja kumbe..." Akaanza kucheka, akawaambukiza wengine wawili, wakacheka huku wameziba midomo, na kicheko hicho ndicho kilichotoka uani na kuenea mjini. Kufikia Jumatano hapakuwa na kijana Ilala aliyekunja kidole ila kwa kumdhihaki.

Kamati ilimtendea Kasmir kwa utu, ikijisifu kwa utu huo. Ilisema chama hakimtupi mtu. Ilisema mashindano yanahitaji mkono mzima, kwa hiyo Anaeli atashika gitaa peke yake, ingawa awali ilisema mmoja hatoshi, na Kasmir atapewa kazi ya mlangoni, kukata tiketi. Kuhusu shingo, iliamuliwa itengenezwe nyingine, ya upana wa kawaida, ambayo kila mwanachama anaweza kuipiga. Na kwa kuwa sasa imeonekana wazi kuwa fundi hakukosea, tena ni bingwa, kazi apewe yeye.

Isidori alikubali. Alijiambia kwamba akikataa itakwenda kwa mwingine na Kasmir hatapata faida yoyote. Hilo lilikuwa kweli. Alijiambia pia kwamba ataitengeneza ovyo, ipinde, iimbe uongo mbele ya watu, wamrudie Kasmir kwa magoti. Hilo alilikusudia kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu alishika patasi, na mikono yake haikujua kufanya ovyo, haikufundishwa. Alitengeneza shingo nzuri. Mninga uleule, mpingo uleule, mfupa wa ng'ombe kichwani pa kupitishia nyuzi, na chini ya kiungo kipande cha pakiti ya sigara ili nyuzi zikae chini zaidi. Aliitoa juani, mwanga haukupenya.

Candida hakumgombeza. Alipika, alifua, alimwita "Baba Severa" kama kawaida. Siku moja tu, akiwa anachambua mchele, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ungesema umekosea, ungepungukiwa nini?"

Isidori alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa, akatafuta ambacho angepungukiwa, akakiona, na kilikuwa kidogo mno hata aibu ilimzuia kukitaja. Candida aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mashindano yalifanyika Jumapili, saa tisa alasiri. Mwenyekiti alimletea Isidori ujumbe: fundi awepo, ana heshima yake. Candida alimpigia pasi shati jeupe.

"Huendi?" aliuliza Isidori.

"Nikafanye nini? Nikamtazame kaka yangu anakata tiketi?" Alimpa shati. "Wewe nenda. Na ukimwona, mwombe radhi. Mpaka leo hujamwomba."

"Leo nitamwomba."

"Haya."

Njia nzima kutoka Mchikichi mpaka Mnazi Mmoja aliyapanga maneno. Yalikuwa mazuri. Alikusudia kuanza na lile la kaburini, kwamba alimwahidi akavunja, kisha aseme kuwa nta ile angeimeza kuliko kuitoa. Lakini mlangoni palikuwa na foleni, na mbele yake walikuwa vijana watatu. Kasmir alisimama kando ya meza ndogo, amevaa shati la bendi. Tiketi hukatwa kwa mikono miwili, hakuwa na namna ya kuuficha mmoja. Kijana wa kwanza, alipopewa kipande chake, alikipokea huku kidole chake cha mwisho amekikunja, akawageukia wenzake wakaangua kicheko. Kasmir alikata ya pili, akakata ya tatu.

"Shemeji," alisema Isidori.

"Wewe hulipi. Mwenyekiti kaagiza. Pita."

"Nilitaka..."

"Pita, bwana, unazuia watu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wote, na mkono wake ulikwishanyooka kwa mtu wa nyuma. Isidori akapita.

Ndani palijaa mpaka jasho lilitiririka ukutani. Anaeli alikuwa jukwaani na gitaa jekundu, na alipoingia kwenye rumba ya tatu, Isidori aliisikia shingo yake. Ilikuwa safi. Kila kichuma kilisema kweli, kuanzia juu mpaka chini, mahali ambapo magitaa mengi hulia kwa mashaka. Alijikuta amefumba macho, vidole vyake vikipapasa hewa, akatambua kwamba anafurahi. Alijaribu kuacha kufurahi ikamshinda. Alijichukia pale pale, katikati ya watu wanaocheza, na bado masikio yake makubwa yalikuwa yanafuata kila uzi.

Sikukuu Jazi ilishinda. Hata watu wa Ilala walikubali. Bwana Aristides alipanda jukwaani akaomba utulivu, akamwita fundi. Walimsukuma Isidori mpaka juu. Mwenyekiti akamshika mkono akauinua, akasema kwamba Wazungu wanatengeneza miili ya magitaa lakini shingo inatengenezwa Kariakoo, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kutoka jukwaani mlango mkubwa ulionekana wazi. Kasmir alikuwa amesimama pale, kitita cha tiketi amekibana kwapani. Alikuwa mwanachama, na wanachama wote walikuwa wanapiga makofi, kwa hiyo naye alipiga.

Isidori alishuka. Alizungukia nyuma ya jukwaa, akapita kwenye kibaraza cha wauza soda, akatokea mlango wa uani, akashika njia ya nyumbani haraka haraka kama mwizi wa kuku.

Candida alikuwa anawasha moto. Jua lilikuwa bado halijazama.

"Mapema hivi?" alisema. "Wameshinda?"

"Wameshinda."

"Umemwona kaka?"

"Nimemwona, yuko mlangoni."

"Umemwomba radhi?"

Isidori alikaa kwenye kigoda akaanza kuvua viatu. Alivua kimoja, akakiweka sawa kando ya ukuta.

"Palikuwa na watu wengi," alisema.

Candida aliacha kupuliza moto. Alimgeukia, akamtazama kwa muda mrefu, tangu miguuni mpaka usoni.

"Na siku ile ulipomtaja," alisema, "hapakuwa na watu?"